Anzeni na Viti, Sakafu Ije Baadaye: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Colosseum

Kwa Waheshimiwa mnaoisimamia Colosseum, na wakuu wenu katika Wizara ya Utamaduni ya Italia,

Salamu kutoka kwa mtu anayepita mbele ya lango lenu karibu kila siku.

Mimi ni mwalimu wa historia kutoka Tanga, niliyehamia Roma kwa kazi isiyohusiana na historia hata kidogo. Ndugu na jamaa wakija kunitembelea, jambo la kwanza wanaloomba ni kuona "uwanja wa simba", yaani Colosseum, uwanja wa mapambano wa Roma ya kale, nami huwapeleka. Safari hii alikuja mpwa wangu wa kidato cha pili. Tulisimama nje, upande wa kaskazini, chini ya tao lenye namba LII iliyochongwa juu yake. Nikamweleza kwamba ile ni namba ya mlango, kwamba matao ya chini yalikuwa 80 na 76 kati yake yalikuwa na namba, na kila mtazamaji alijua aingilie wapi na apande ngazi ipi. Kijana akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali ambalo mtoto yeyote aliyekulia jirani na uwanja wa Mkwakwani angeliuliza.

"Mjomba, kiingilio kilikuwa shilingi ngapi?"

Nikamwambia ilikuwa bure.

"Bure? Sasa nani alikuwa analipa?"

Waheshimiwa, nimefundisha somo hili miaka mingi, na sikumbuki kama niliwahi kulianza na swali zuri kama hilo. Ndilo lililonifanya niwaandikie.

Mwaka 2021 Wizara ilitangaza kwamba uwanja utawekewa sakafu mpya ya mbao, kazi iliyokadiriwa kugharimu yuro milioni 18.5. Mbao zenyewe zitaweza kugeuzwa ili mwanga na hewa vifike kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Sipingi. Vyumba vile viko wazi kwa mvua na jua, na mtu anayechungulia kutoka juu anaona kuta tu zilizopindana kama kichuguu kilichokatwa katikati. Hofu yangu iko kwingine. Sakafu itamsimamisha mgeni pale aliposimama mpiganaji. Atainua mkono, atapigwa picha, ataondoka akidhani ameielewa Colosseum. Na jengo hili halikujengwa kwa ajili ya wale wawili waliokuwa mchangani. Lilijengwa kwa ajili ya watu elfu 50 waliokaa wakiwazunguka. Shabaha ya michezo ile ilikuwa kwenye viti.

Naomba mniruhusu nieleze kwa kulifuata swali la kijana.

Nani alilipa? Mwanzoni alilipa mfiwa. Mapambano ya kwanza ya watu kwa watu ambayo waandishi wa Roma wameyarekodi ni ya mwaka 264 KK. Wana wa mzee mmoja wa ukoo wa Brutus walipambanisha jozi tatu za wapiganaji katika soko la ng'ombe, kumuenzi baba yao aliyefariki. Neno walilolitumia lilikuwa *munus*, yaani wajibu, na pia zawadi. Kwetu tunaojua uzito wa hitima na arobaini, jambo hili halihitaji maelezo marefu: marehemu anadai, walio hai wanalipa, na majirani wanaangalia umelipa vipi. Hapo kwenye majirani ndipo shughuli ilipoanza kugeuka. Kadiri watazamaji walivyozidi, ndivyo marehemu alivyozidi kusahaulika.

Mwaka 65 KK Julius Caesar, kijana mwenye madeni hadi shingoni, alishika cheo cha afisa wa mji anayesimamia masoko na sherehe. Akaleta jozi 320 za wapiganaji kwa heshima ya baba yake, ambaye alikuwa ameshazikwa miaka 20. Nadhani sihitaji kusema machozi yale yalikuwa ya nini. Baraza la Seneti liliingiwa na hofu ya kuona mtu mmoja ana watu wengi hivyo wenye silaha mjini, likaweka ukomo wa idadi. Miaka miwili baadaye Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, akapitisha sheria ya kumkataza mgombea kutoa michezo ndani ya miaka miwili kabla ya uchaguzi, isipokuwa kama wosia wa marehemu ulikuwa umetaja siku. Angalieni ujanja wa mwanya huo! Watanzania tuna neno letu la mambo haya, takrima. Sheria yetu ya uchaguzi iliwahi kuiruhusu, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Kwa hiyo nikiwaeleza wageni wangu kuhusu sheria ya Cicero huwa wanacheka kabla sijamaliza.

Pompeii, mji wa kale wa Italia uliofukiwa na volkano, bado unao ushahidi ukutani. Tangazo moja lililoandikwa kwa rangi linasema Decimus Lucretius Satrius Valens, kuhani wa Nero, ataleta jozi 20 za wapiganaji, na mwanawe ataleta 10, na kutakuwa na uwindaji wa wanyama na turubai za kuzuia jua. Jina la mtoaji limekuwa kubwa kuliko kitu kingine chochote. Turubai nayo imetajwa, maana mtu hawezi kukushukuru vizuri akiwa anaungua.

Lakini kama mngeniambia nichague kitu kimoja tu cha kumweleza mgeni michezo hii ilikuwa ya nini, nisingechagua chochote cha Roma. Ningevuka bahari hadi Tunisia, kwenye jumba la makumbusho la Sousse, ambako kuna mozaiki (picha ya vijiwe vilivyopangwa) ya karne ya 3 iliyochimbuliwa kijiji cha Smirat. Inaonyesha wawindaji wanne wa kundi lililoitwa Telegenii wakiua chui wanne. Kila chui ana jina lake: Victor, Crispinus, Romanus, Luxurius. Katikati amesimama kijana ameshika sinia lenye mifuko minne ya fedha. Kando yake yameandikwa maneno ya mpiga mbiu: anawaomba mabwana waliohudhuria wawape Telegenii dinari 500 kwa kila chui. Upande wa pili zimeandikwa kelele za watu. Wanamsifu mtu mmoja, Magerius. Wanasema wajao wajifunze kwake namna ya kutoa, na waliotangulia wasikie. Wanasema huku ndiko kuwa na mali, huku ndiko kuwa na uwezo. Na juu ya kila mfuko pana alama ya dinari 1,000. Magerius aliombwa mia tano, akatoa elfu.

Kisha akaamuru tukio hilo litengenezwe kwa vijiwe vidogo vidogo, pamoja na kelele zote, liwe sakafu. Wageni wakija wanakanyaga ukarimu wake. Mimi huwa najiuliza alikuwa anawapa muda gani wa kuisoma kabla hajawaletea chakula.

Fedha ilitoka kwa Magerius, na alichokinunua ni hizo kelele.

Hapa Roma, wakati huo, biashara hiyo ilikuwa imeshaporwa na mtu mmoja. Wafalme wa Roma waliona hatari ya kumwachia kila tajiri ajinunulie umati, wakaifanya kuwa mali yao. Augustus, mfalme wa kwanza wa Roma, katika orodha aliyoiacha ya matendo yake, anajisifu kwamba alitoa mapambano mara nane ambamo walipigana watu wapatao 10,000, na maonyesho ya wanyama wa Afrika mara 26, wakauawa kiasi cha 3,500. Mfalme Trajan aliporudi kutoka vita vya Dacia, Romania ya leo, aliendesha michezo siku 123. Na Colosseum yenyewe? Wataalamu waliosoma matundu ya herufi za shaba zilizong'olewa kwenye jiwe moja humo ndani walikuta maandishi ya mwanzo: jengo lilijengwa kwa mali ya ngawira. Ni ngawira ya vita vya Wayahudi, vita vilivyoliteketeza Hekalu la Yerusalemu mwaka 70 BK. Mfalme Vespasian akalijenga pale palipokuwa na ziwa la kujiburudisha la mfalme Nero, kana kwamba anauambia mji: yule aliwanyang'anya, mimi nawarudishia. Titus, mwanawe, akalizindua mwaka 80 kwa michezo ya siku 100. Jibu hilo nilimpa mpwa wangu pale pale mlangoni, naye akanyamaza kidogo.

Sasa tupande kwenye viti.

Suetonius, mwandishi wa maisha ya wafalme wa Roma, anasimulia kwamba seneta mmoja alifika kwenye michezo katika mji wa Puteoli, akakuta pamejaa, na hakuna hata mmoja aliyempisha. Augustus alikasirika. Akatoa amri ya mpangilio: safu za mbele ziwe za maseneta, askari watengwe na raia, wanaume wa kawaida waliooa wapate sehemu yao, wavulana yao, na walimu wao wakae karibu nao. Aliyevaa nguo za rangi ya giza asikae katikati. Wanawake wapande juu kabisa, isipokuwa mabikira wa hekalu la Vesta ambao walikuwa na mahali pao maalumu. Colosseum ilijengwa na mpangilio huo ndani ya mifupa yake. Ngazi zilipangwa ili mtu wa chini asikutane na mtu wa juu njiani. Watu wa mpira Dar es Salaam wanatofautisha VIP na mzunguko, yaani viti vya bei ya chini, ila mzunguko wa Roma hukuuchagua kwa mfuko wako, ulizaliwa nao. Juu kule, kwenye mbao, alikaa mtumwa na mwanamke maskini, na kitu walichokiona vizuri kuliko mapigano ni migongo ya kila tabaka iliyokuwa mbele yao. Ukikaa hapo unaiona Roma nzima imepangwa kama ramani, na mahali pako pia unapaona.

Ila msidhani umati ulikuwa bubu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaolikariri lile neno la "mkate na michezo", yaani kwamba watu walinyamazishwa kwa chakula na burudani, kama kwamba limemaliza kila kitu. (Na kwa kuwa mimi ni mwalimu mkaidi: michezo aliyoitaja mshairi Juvenal ni mbio za magari ya farasi za Circus, uwanja wa mbio wa Roma, si mapambano ya Colosseum.) Chini ya wafalme hapakuwa tena na mkutano ambao raia angesimama amwambie mtawala neno. Uwanjani aliweza, akiwa amefichwa na maelfu. Watu walidai msamaha wa kodi, walidai nafuu, walimzomea mkubwa waliyemchoka. Kuna waliolipia: kwenye mbio za farasi umati ulimwomba mfalme Caligula apunguze kodi, naye akawatuma askari wakawaue waliopiga kelele. Mfalme Claudius, aliyemfuata, alikuwa na mbinu nyingine. Aliwaita watazamaji "mabwana" na kuhesabu kwa sauti, pamoja nao, sarafu za dhahabu alizowapa washindi. Mtawala ambaye hakutokea uwanjani, au aliyetokea akawa anasoma barua zake, watu walimhesabia.

Na wakati mwingine mtoaji alilipa akapata laana. Mwaka 55 KK jemadari Pompey alileta ndovu wapatao 20 waje wauawe mbele ya watu katika Circus. Wanyama wale, walipoona hakuna pa kukimbilia, walilia namna ambayo iliwageuza watazamaji mioyo. Cicero alikuwapo, na aliandika kwamba watu walihisi kuna undugu fulani kati ya mnyama yule na binadamu. Badala ya kumshangilia Pompey, wakamlaani. Kisa hiki nakipenda kuliko vyote.

Karibu nacho ni kile cha mwaka 192. Mfalme Commodus, aliyependa kujionyesha kama mpiganaji, alikata kichwa cha mbuni akaenda nacho hadi walipokaa maseneta, akatikisa kichwa chake mwenyewe huku anachekelea bila kusema neno, wakaelewa anachomaanisha. Dio, mwanahistoria, alikuwa kwenye viti vile. Anasema kicheko kilimshika kuliko woga, akachuma majani ya taji lake akayatafuna, akawanong'oneza wenzake wafanye vivyo hivyo, maana kucheka kungewaua. Nionyesheni sakafu itakayomfundisha mgeni jambo hilo. Kiti kitamfundisha.

Saa sita mchana sitaipita, ingawa ningependa. Ratiba ya siku kwa kawaida ilikuwa na wanyama asubuhi, magladieta, yaani wale wapiganaji, alasiri, na katikati, jua la utosi, waliohukumiwa kifo. Hao hawakuwa wapiganaji. Mpiganaji aliyefunzwa alikuwa mali ya gharama, alikuwa na daktari, na mara nyingi alitoka hai. Kwenye uzinduzi wa mwaka 80 Priscus na Verus walipigana mpaka wakatoshana, na Titus akawapa wote wawili upanga wa mbao, alama ya kuachiwa huru. Wa saa sita hawakuwa na upanga wa mbao. Mfungwa alitupwa kwa simba au akachomwa moto ili sheria ionekane kwa macho. Mwanafalsafa Seneca alikwenda saa hiyo akitarajia burudani nyepesi, akaandika kwamba alirudi nyumbani akiwa mkatili zaidi. Na haikuwa Roma tu. Mwaka 203 huko Carthage, katika Tunisia ya leo, Perpetua na Felicitas, mwanamke wa ukoo mzuri na mtumwa, waliuawa uwanjani kwa Ukristo wao, kwenye michezo ya sikukuu ya kuzaliwa ya Geta, mtoto wa mfalme Septimius Severus, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Afrika, wa Leptis Magna katika Libya ya leo.

Hapa nawashukuru, maana shukrani ni haki ya mtu. Tangu mwaka 2000 taa za Colosseum zimekuwa zikibadilishwa rangi pale nchi inapofuta adhabu ya kifo au mtu anaponusurika nayo. Hilo mlilielewa vizuri: jengo lilikuwa chombo cha kuonyesha adhabu, na mmelijibu kwa lugha yake lenyewe.

Jambo la mwisho ni wanyama, na hapa naona haya kidogo kwa kuwa naongea kama mtu wa huko. Mpwa wangu alitaka kujua kama simba walitoka kwetu. Nikamwambia wengi walitoka kaskazini ya Afrika, ambako leo simba wa porini hawapo tena. Lakini faru ni habari nyingine. Mfalme Domitian alipiga sarafu ndogo yenye picha ya faru mwenye pembe mbili, na pembe mbili zilizofuatana puani vile kwa kawaida huhesabiwa kuwa za faru wa Afrika. Katika karne hiyo hiyo mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, akautaja mji wa Rhapta kwenye pwani ya Azania, yaani pwani yetu, na bidhaa zake: pembe za ndovu, pembe za faru, magamba ya kasa. Sisemi faru wa Domitian alitoka Tanga! Nasema mnyama yule uwanjani alikuwa ramani. Mtu wa Roma ambaye hakuwahi kuvuka mto Tiber alionyeshwa mamba, twiga, faru, na kwa njia hiyo akaambiwa mkono wa mfalme wake unafika wapi.

Basi ombi langu, wakuu, ni hili. Kabla mgeni hajashushwa kwenye mbao mpya, apandishwe juu. Pale ambapo viti vimebomoka, wekeni alama ya nani alikaa: hapa seneta, hapa askari, hapa kijana na mwalimu wake, na huko kwenye upepo mama wa kufua nguo. Kila onyesho mtakalolisimulia, litajeni na jina la aliyelipa na alichokuwa anakitafuta, Brutus na baba yake, Caesar na kura zake, Vespasian na ngawira ya Yerusalemu. Iombeni Sousse nakala ya mozaiki ya Magerius, muitandaze mahali ambapo watu wataikanyaga kama alivyotaka mwenyewe. Saa sita mchana simamisheni sauti zote za mwongozo kwa dakika chache. Na wanyama wapewe majina ya mahali walikotoka, kwa usahihi, maana "Afrika" ya Warumi ilikuwa eneo la Tunisia na jirani zake, na mtoto wa Tanga anastahili kuelezwa tofauti hiyo na mtu mwingine zaidi ya mjomba wake.

Mpwa wangu anarudi likizo ya Desemba. Ameniambia safari hii anataka kukaa chini ya kivuli. Nimemwambia pale turubai zilikuwa zinavutwa na mabaharia wa jeshi la majini kutoka bandari ya Misenum, naye ameshaanza kuuliza nani aliwalipa hao.

Wenu katika heshima,

Mwalimu wa historia, mkazi wa Roma